SAA YAKO UMEIKATIA BIMA. JE, NAFSI YAKO?

Kaka yangu, dada yangu uliyepokea karatasi hii! Usiitupe, na usiifungie karanga kwanza. Isome mpaka mwisho, haitachukua hata robo saa. Na kwa kuwa habari yenyewe ni ya saa, tazama saa yako sasa hivi uone umeanza saa ngapi.

Nina swali moja tu kwako: Katika vyote ulivyo navyo, ni kipi ambacho kikipotea hakuna mtu duniani anayeweza kukulipa?

Usijibu haraka. Tembea na mimi kwanza.

KIJANA ALIYEFICHA MKONO MFUKONI

Jioni moja baada ya mkutano wa Injili, tukiwa tunakunja nyaya za spika, alinijia kaka mmoja. Wakati wa wito hakuja mbele. Alisimama kule nyuma gizani mpaka watu wakaisha. Mkono wake wa kushoto alikuwa ameuficha mfukoni. Akaniambia, "Mtumishi, naomba kuuliza. Je, ni dhambi kukatia bima saa ya mkononi?"

Nikadhani ananitania. Maswali ninayoulizwa ni ya uchawi, mapepo, uchumba, pombe. Saa? Basi akautoa mkono mfukoni. Kumbe alikuwa amefanya kazi ya ulinzi Dubai kwa miaka minne. Usiku analinda mali za watu, mchana analala chumba kimoja na wenzake saba. Akajinyima, akakusanya, akanunua saa ya Uswisi. Aliponitajia bei nilishika kichwa. Kwa pesa ile angenunua kiwanja, akapandisha na ukuta.

Nilitaka kumjibu kama tunavyozoea kujibu: "Kaka, wewe mwamini Mungu tu, bima ni kukosa imani." Lakini kabla sijafungua kinywa nikageuka, nikawaona vijana wetu wawili wanafunga jenereta ya mkutano kwa mnyororo na kufuli kubwa. Nani aliyewaambia wafunge? Ni mimi! Nikanyamaza. Nikamwambia, "Kaka, nipe siku mbili nikaulize, halafu njoo tuzungumze."

BIMA INAVYOFANYA KAZI

Mimi nimesoma shule ya msingi na chuo cha Biblia tu, mambo ya bima sikuyajua. Nikawauliza wanaoyajua. Nakwambia na wewe, maana kujua si dhambi.

Ukiwa na kitu cha thamani kubwa kama saa ya namna hii, bima ya kawaida ya vitu vya nyumbani mara nyingi haitoshi. Bima ile huwa na kikomo cha fedha kwa kitu kimoja. Saa ikizidi kikomo hicho, inabidi uitaje peke yake kwenye mkataba. Kwanza unaipeleka kwa mtaalamu aitazame na kuandika thamani yake. Unatunza risiti, unaipiga picha mbele na nyuma, unaandika namba iliyochorwa kwenye chuma chake. Saa ikiwa feki, hapo ndipo inapoumbuka, maana hakuna kampuni italipa saa ya mtumba kwa bei ya dhahabu. Halafu unalipa kila mwaka sehemu ndogo ya thamani ile. Usipolipa, bima imekufa.

Na kuitunza kuna utaratibu wake. Inawekwa kwenye sefu ya chuma iliyofungwa kwa bolti sakafuni au ukutani, maana sefu ndogo isiyofungwa mwizi anaibeba mgongoni kama gunia la mkaa, anakwenda kuifungulia kwake. Inakaa mahali pakavu, na kifuko kidogo cha dawa ya kunyonya unyevu pembeni. Inakaa mbali na spika na sumaku, maana sumaku huharibu mwendo wa saa. Na kuna saa zinazojijaza zenyewe kwa mkono unavyotikisika. Hizo ukizifungia kwenye sefu bila kuvaa, nyingi husimama baada ya siku mbili tatu.

Hilo la mwisho lilinigusa sana. Saa iliyohifadhiwa vizuri kuliko zote inasimama! Wewe umefunga saa, lakini wakati wenyewe haukufungika. Umetoka, umekwenda, na wewe umezeeka siku mbili tatu. Soma Zaburi 90:12 uone Musa alimwomba Mungu amfundishe kuhesabu nini. Hakuomba kufundishwa kuhesabu mali. Aliomba hesabu ya siku.

Basi, je, ni dhambi kukata bima? Hapana. Yusufu aliweka akiba ya nafaka Misri miaka saba kabla ya njaa (Mwanzo 41), na ni Mungu mwenyewe aliyempa akili hiyo. Mithali 6 inamtuma mvivu kwa chungu akajifunze kuweka akiba. Mtu mwangalifu si mtu asiye na imani. Kama una mali halali, ilinde. Ila hapo ndipo swali lenyewe linaanza: Je, kitu kinalindika kweli?

MASEFU MAKUBWA YALIYOSHINDWA

Sikiliza habari ya saa moja mashuhuri. Mwaka 1783, mjini Paris, fundi saa mkubwa aliyeitwa Breguet aliagizwa kutengeneza saa kwa ajili ya Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa. Aliambiwa aweke ndani yake kila ufundi wa saa uliojulikana wakati ule, na kila inapowezekana atumie dhahabu. Asihesabu gharama, asihesabu muda.

Asihesabu muda! Mwaka 1793, mapinduzi ya Ufaransa yakiwa yamepamba moto, Malkia alikatwa kichwa hadharani. Saa ilikuwa haijakwisha. Mwaka 1823 Breguet naye akafa. Saa bado haijakwisha. Ilikamilika mwaka 1827, miaka 44 tangu iagizwe. Aliyetengenezewa hakuiona, na fundi wake hakuiona imekamilika.

Haikuishia hapo. Saa hiyo ikafika kwenye jumba la makumbusho mjini Yerusalemu. Mwezi Aprili 1983 mwizi aliingia usiku kwa dirisha, akabeba saa 106, na ile ya Malkia ikiwemo. Kengele ya hatari ilikuwa mbovu. Polisi wakatafuta miaka na miaka. Mwizi akafa mwaka 2004, na mwaka 2006 ndipo saa ya Malkia ikarudi kwa wenyewe, baada ya mjane wake kuanza kutafuta njia ya kuzirudisha. Sasa niambie, kijana, yule mwizi alifaidi nini? Atavaa wapi saa ambayo dunia nzima inaitafuta? Alikaa nayo miaka zaidi ya 20 akiificha, na kifo kikamkuta yeye badala ya saa.

Ukisema, "Hao hawakuwa na sefu nzuri," haya, twende London. Kuna mtaa unaitwa Hatton Garden, mtaa wa wafanyabiashara wa almasi na dhahabu. Chini ya ardhi palikuwa na chumba maalumu ambamo watu walilipa wahifadhiwe vito na saa zao. Wikiendi ya Pasaka mwaka 2015, wezi walishuka wakatoboa ukuta wa zege wenye unene wa sentimita 50, wakavunja visanduku zaidi ya 70. Na si vijana, baadhi yao walikuwa wazee wa zaidi ya miaka 60. Mmoja wao alikuwa na miaka 76! Kengele ililia, polisi hawakuja. Mlinzi alifika akachungulia, akaona pako shwari, akaondoka. Wezi wako chini wanaendelea na kazi.

Angalia siku hizo zilikuwa siku gani. Ilikuwa Pasaka, siku ambazo Wakristo dunia nzima wanakumbuka kaburi lililowekewa jiwe, likapigwa muhuri, likapewa askari (Mathayo 27:62-66). Nalo halikuweza kutunza kilichokuwa ndani. Ndugu yangu, mwanadamu hajui kulinda. Hawezi kumzuia mwizi asiingie, na hakuweza kumzuia Bwana asitoke!

Ndiyo maana Yesu katika Mathayo 6:19-21 alisema wazi kwamba hazina za duniani zina maadui watatu: nondo, kutu na mwizi. Hakusema hazina ni mbaya. Alisema hapa si mahali pake pa kudumu. Na akaongeza neno zito: moyo wako utakwenda kukaa pale ulipoweka hazina yako. Kwa hiyo ukifungia saa kwenye sefu, jihadhari, moyo usije ukaingia nao ukafungiwa humo humo.

ALICHOPOTEZA YULE KAKA

Siku ya pili akarudi kama tulivyoagana. Nikamwambia, "Kaka, kukata bima si dhambi." Nilidhani atafurahi. Akainamisha kichwa, akaanza kulia. Ndipo akanieleza.

Aliporudi kutoka Dubai, saa aliificha kwenye pipa la mchele. Mtu mmoja tu alijua: mdogo wake wa miaka 17, ambaye mama yao alipokaribia kufa alimwachia yeye amlee. Usiku mmoja kaka huyu akiwa na homa kali ya malaria, akasikia mbwa wanabweka, akaingiwa hofu. Akaamka akaitoa saa kwenye mchele, akaitia ndani ya soksi, akaificha juu ya dari. Homa ilipopoa, akawa amesahau kabisa.

Akaenda kwenye pipa. Mchele upo, saa haipo. Akamwita mdogo wake. Mtoto akaapa, akalia, akapiga magoti. Wapi! Akamchapa mkanda uani, majirani wanatazama, akamwita mwizi mbele yao. Usiku ule kijana akachukua begi lake akaondoka.

Wiki mbili baadaye mvua ikanyesha, dari ikavuja. Akapanda kuziba. Mkono ukagusa soksi. Saa ilikuwemo, mishale imesimama.

Akaniambia, "Mtumishi, saa nimeipata. Mdogo wangu sijampata. Ndiyo maana nataka bima. Sitaki tena kumshuku mtu kwa ajili ya saa."

Nilikosa la kusema. Nilikuwa nimekuja na jibu la bima, kumbe swali lilikuwa la damu. Nikakumbuka swali ambalo Mungu alimuuliza Kaini juu ya nduguye, na Kaini akajibu kwa jeuri (Mwanzo 4:9). Kaka huyu alikuwa mlinzi kweli kweli. Alilinda mali za Waarabu miaka minne, akalinda saa yake. Ila yule mmoja aliyekabidhiwa na mama yake hakumlinda.

Sasa rudi kwenye swali langu la mwanzo. Kipi kikipotea hakuna wa kukulipa? Saa ina bei, ndiyo maana ina bima. Ambacho hakina bei hakuna kampuni itakayokiandikia hati. Zaburi 49:7-8 inasema jambo hili waziwazi, kwamba hakuna tajiri anayeweza kumkomboa ndugu yake kwa fedha, kwa sababu ukombozi wa nafsi ni ghali mno.

MUNGU SI KAMPUNI YA BIMA

Wahubiri wengine wanasema Yesu ni bima ya moto wa jehanamu. Nami nilikuwa nasema hivyo. Siku hizi sisemi, kwa sababu nimeona bima ina mambo matatu isiyoyaweza.

La kwanza, bima hailipi yaliyotokea kabla ya kutia sahihi. Huwezi kuibiwa Jumatatu ukakata bima Jumanne, ukaenda kudai. Sasa dhambi zako zilitokea lini? Jana! Mwaka jana! Yule binti uliyemdanganya, ile mimba uliyoikana, zile pesa za ada ulizokunywa, yale matusi uliyomtukana baba. Yote ni ya kabla ya mkataba. Kampuni ingekufukuza mlangoni. Yesu anayapokea hayo hayo ya jana.

La pili, bima hailipi hasara uliyoifanya mwenyewe kwa makusudi. Ukiponda saa yako kwa nyundo, hupati kitu. Na ukificha ukweli kwenye fomu, mkataba unaweza kuvunjwa. Sasa dhambi si ajali, kijana. Hukuteleza ukaangukia baa. Ulikwenda kwa miguu yako. Lakini 1 Yohana 1:9 inasema tukiziungama dhambi zetu, Mungu anasamehe. Hapo anachotaka ni ukweli tu. Ukweli ambao kwa kampuni ungekunyima malipo, kwa Mungu ndio mlango wa kuingilia.

La tatu, na hili ndilo kubwa, bima haikurudishii kilichopotea. Inakupa badala yake. Inakupa hundi, unanunua saa nyingine. Na wakishakulipa, ile iliyoibiwa ikipatikana kesho kwa kawaida inakuwa mali yao. Lakini soma Luka 15. Mchungaji aliyepoteza kondoo mmoja hakwenda sokoni kununua mwingine. Yule mama aliyepoteza sarafu hakusema, "Si ninazo tisa?" Aliwasha taa, akafagia nyumba, akatafuta ile ile. Mungu hataki badala yako! Hata kama kanisa limejaa watu wazuri kuliko wewe, anakutafuta wewe yule yule, na soksi yako, na juu ya dari yako ulikojificha.

Na malipo? Bima unalipa wewe, kila mwaka. Kuna vijana wanamlipa Mungu hivyo: Krismasi mara moja, Pasaka mara moja, wanadhani hati iko hai. Hapana. 1 Petro 1:18-19 inasema hatukukombolewa kwa fedha wala dhahabu. Tulikombolewa kwa damu ya thamani ya Kristo. Amekwisha lipa. Wewe unaitwa urudi nyumbani.

SASA UFANYE NINI?

Yule kaka tuliomba naye pale pale kwenye majani, saa tatu usiku. Alipoinuka aliniuliza, "Yameisha?" Nikamwambia, "Kwa Mungu umesamehewa. Kwa mdogo wako bado hujaenda." Nikamsomea Mathayo 5:23-24, pale Yesu anapomwambia mtu aache sadaka yake madhabahuni akapatane kwanza na ndugu yake. Wokovu usiokufikisha kwa uliyemkosea, uangalie vizuri, usije ukawa feki kama zile saa za kando ya barabara.

Kesho yake alikwenda kwa majirani wale wale, nyumba kwa nyumba, akawaambia, "Mdogo wangu si mwizi. Mimi ndiye niliyemkosea." Jina alilolichafua uani akalisafisha uani. Halafu akaanza kutafuta. Saa aliikatia bima, wala sikumkataza. Baada ya miezi kadhaa akapata namba ya simu, akapiga, akaomba msamaha. Kijana hakusema mengi. Alisema, "Nimesikia, kaka," akakata. Hajarudi bado. Sitakudanganya kwamba amerudi ili karatasi hii iishe vizuri. Tunaomba. Na kaka yule hafungi tena mlango wa nje kwa komeo la ndani usiku. Anasema mtoto anaweza kufika saa yoyote.

Nilipomwuliza kama haogopi wezi, alijibu, "Mtumishi, saa ina bima."

Kijana, pengine wewe huna saa ya Uswisi. Lakini kuna kitu unakilinda kuliko watu. Labda ni simu, pikipiki, msichana, jina lako mtaani. Na kuna mtu umempoteza kwa ajili yake. Na kuna Mungu aliyekupoteza wewe, naye bado hajafunga mlango kwa komeo. Yule tajiri wa Luka 12:16-21 alipanga kujenga maghala makubwa zaidi, akapanga na miaka mingi ya kula na kunywa. Usiku ule ule akaitwa. Maghala yalikuwa salama. Yeye hakuwa salama.

Tazama saa yako tena. Dakika zile ulizosoma hazirudi. Lakini hii uliyo nayo sasa bado ni yako. Kama unataka kumpa Yesu maisha yako, sema naye kwa maneno haya, kwa sauti au moyoni:

"Bwana Yesu, nimekuja kama nilivyo. Nimelinda vitu, nimepoteza watu, nimekupoteza na wewe. Sifichi kitu. Naungama dhambi zangu. Nisamehe kwa damu yako. Ingia moyoni mwangu, uwe Bwana wangu. Nipe nguvu ya kwenda kwa yule niliyemkosea. Asante kwa kunitafuta. Amina."

Kama umeomba hivyo kwa kweli, umeokoka. Usikae peke yako. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu karibu na unapoishi, mwone mchungaji, mwambie ulichofanya leo. Anza kusoma Injili ya Luka, sura moja kila siku. Na kabla jua halijazama, mtafute yule mtu. Kama huwezi kumfikia, mpigie. Kama huna namba yake, anza kuulizia.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, usiifungie kwenye sefu. Mpe mwingine.

Mungu akubariki. Yesu anakupenda.